Bunduki ya babu imerudi inang'aa, na nimekasirika

Nianze kwa kumpa fundi haki yake: jambia alilisafisha vizuri. Fedha ya ala ilikuwa imepiga weusi, akautoa wa juu na kuuacha uliojificha ndani ya nakshi, ndiyo maana nakshi inasomeka. Duka liko uchochoroni Mutrah. Jina silitaji, wenyeji wa Maskati watalijua.

Kwa jambia lile nikamwamini na bunduki.

Ni Martini-Henry, zile ambazo Waingereza walizipitisha kwa jeshi lao mwaka 1871, zikaja kumwagika Maskati biashara ya silaha ilipochangamka, kabla haijabanwa mwaka 1912. Mpaka leo utaziona mabegani mwa wazee kwenye razha, ngoma ya Waomani ya panga na bunduki. Yetu mtutu wake ulikuwa hudhurungi iliyokolea, laini ukiupapasa. Ule si uchafu, jamani! Ni kutu ya zamani iliyokwisha kutulia, imeshikamana na chuma na wala haikili tena. Kilichonitia wasiwasi ni doa moja la rangi ya chungwa karibu na mdomo wa mtutu, linaloacha unga kidoleni. Hiyo ndiyo kutu hai. Nikamwambia, na mwanangu anasikia: doa hili tu, mafuta mepesi na nyuzi laini za shaba, kisha nta. Akaniitikia inshallah, macho kwenye simu.

Nilipoifuata nikakuta imekuwa kama kijiko kipya. Mtutu mzima kaupitisha kwenye mashine, na ubavu pia. Na ubavuni ndiko kulikokuwa na chapa zote: taji, V.R. ya Malkia Victoria, Enfield jina la kiwanda, mwaka. Taji halina tena ncha. Mwaka nausoma 187, tarakimu ya mwisho imekwenda.

Kwa nini napiga kelele? Kwa sababu Martini za kuigiza zimejaa, hasa zilizofuliwa kule Khyber, mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, na chapa ndizo zinazowaumbua: herufi N imegeuzwa, au V.R. imegongwa pamoja na mwaka wa baada ya 1901, Victoria keshakufa. Mnunuzi wa soko la Nizwa huangalia hapo kwanza. Yetu ni ya kweli, na sasa ina sura ya mwizi. Siiuzi, lakini hata hivyo!

Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu mbele ya wateja: "Bibi weye, mtu halipi pesa arudishiwe kutu." Wakacheka. Halafu, kwa huruma zake, akasema anaweza kuipaka dawa irudi kuwa ya kizee, nusu bei, kesho kutwa niifuate. Chuma kimekaa zaidi ya miaka mia kujitengenezea rangi, yeye ana chupa!

Nilikusudia kuandika hivi: fedha mpelekeeni, chuma msithubutu. Nyota mbili, kwa ajili ya jambia. Lakini nimelitoa tena hilo jambia nikalitazama juani, na nakshi ya karibu na pete naiona imelika. Au ni hasira zangu, sijui. Basi nyota moja, na nilichosema pale juu nakifuta. Mjomba ana abu fitila, bunduki ya utambi, ya kurithi anayotaka kuipeleka huko huko wiki ijayo. Nimemwambia akiipeleka tusijuane.