Komando kwa sauti yake mwenyewe

Nina jimu ndogo Temeke, uwani kwa marehemu baba. Benchi tatu, mbili za mbao na moja ya chuma aliyonichomelea fundi wa mageti. Vyuma vyenyewe nusu ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Ukutani ipo picha moja tu, imepigwa jua mpaka uso umegeuka bluu: Arnold Schwarzenegger, mkono mmoja kaukunja, macho pembeni kama mtu anayesubiri daladala. Basi mpwa wangu aliponiambia, "Mjomba, yule mzee wako wa ukutani yuko Netflix, anasimulia maisha yake," sikujiuliza mara mbili. Akaunti ni ya kwake, bando la kwangu.

Inaitwa Arnold, imeongozwa na Lesley Chilcott, ilitoka Juni 2023. Ina sehemu tatu, kila moja kama saa moja na ushee. Ya kwanza ni ya mwanamichezo, ya pili mwigizaji, ya tatu wameipa jina la Mmarekani, lakini kwa kweli ni ya mwanasiasa. Mwenye haraka nimwambie mapema: kama una bando la sehemu moja tu, chukua ya kwanza, zingine waachie wenye waifai.

Sasa nieleze kwa nini mtu wa makopo ya zege alikaa saa tatu na kitu akisikiliza mzee anaongea. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza miaka ya tisini, huyu bwana hatukumjua kwa jina la Schwarzenegger. Nani angeweza kulitamka? Tulimwita Komando, kwa ile filamu ya 1985 ambayo anatokea mwanzoni kabeba gogo zima begani. Unalipa kiingilio, unakaa chini, televisheni iko juu ya kabati, na pembeni yuko mtafsiri na kipaza sauti chake. Wenye bahati walikuwa na mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu. Kibandani kwetu alikuwepo kijana wa mtaani tu, ambaye Kiingereza chake na changu vilikuwa sawasawa, isipokuwa yeye alikuwa na ujasiri. Komando akifumbua mdomo, sisi tunasikia Kiswahili cha Temeke: "Leo mtanitambua!" Kwa hiyo misuli yake niliijua yote, mmoja mmoja, ila sauti yake sikuwahi kuisikiliza kwa makini.

Hapa ndipo nilipoanza kuipenda hii kazi. Mzee anakaa, sigara nene mkononi, na anaongea Kiingereza kile kizito cha Austria ambacho zaidi ya miaka hamsini ya Marekani haijakilainisha. Halafu unakuja kujua kwamba filamu yake ya kwanza, ya 1970, aliyocheza kama Hercules huko New York, Wamarekani walimfuta sauti na kumwekea ya mtu mwingine. Nilicheka peke yangu. Kumbe alichofanyiwa na kijana wa kibandani kwetu, wenyewe walishamfanyia zamani! Watu wa Hollywood walikuwa wakimwambia mwili umezidi, jina refu, lafudhi mbaya, nenda kafanye kazi nyingine. Mpaka 1984 James Cameron akatengeneza filamu ya roboti muuaji, na ile lafudhi iliyokuwa kilema ikawa ndiyo yenyewe, maana mashine ilitakiwa iongee hivyohivyo. Cameron yumo humu anazungumza.

Lakini nimeruka mbele. Nirudi sehemu ya kwanza, ndiyo iliyonifanya niandike.

Alizaliwa 30 Julai 1947 huko Thal, kijiji kilicho karibu na mji wa Graz. Baba yake, Gustav, alikuwa polisi, aliyerudi vitani mwili mzima na roho vipande. Anakunywa, anapiga. Nyumbani hamna maji ya bomba. Wapo wavulana wawili, Arnold na kaka yake Meinhard aliyemtangulia kwa mwaka mmoja, na baba anawashindanisha kwa kila kitu. Meinhard alifariki 1971 kwa ajali ya gari, akiwa amelewa. Mzee anaeleza kwamba malezi yaleyale yaliyomkaza yeye ndiyo yaliyomvunja kaka yake. Analisema kavu, bila muziki wa kuliza watu. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Sisi nasi tulilelewa kwa mkanda, mimi na kaka yangu, na mmoja wetu leo ana jimu. Nitaishia hapo.

Halafu vinaanza vyuma. Kijana anaona gazeti lenye picha ya Reg Park, Mwingereza mtunisha misuli aliyekuja kucheza Hercules kwenye filamu, na anasoma namna jamaa alivyofika pale. Hapo anaishika ile njia kama mtu aliyepewa ramani: kwanza ushindi wa dunia, kisha Marekani, kisha sinema. Mwaka 1965 yuko jeshini, dereva wa kifaru, anatoroka kambini kwenda Stuttgart kushindana. Anashinda, anarudi, anawekwa mahabusu. Mwaka 1966 London anakuwa wa pili kwenye Mr. Universe, shindano la watunisha misuli, 1967 analichukua akiwa na miaka 20. Mwaka 1968 anavuka kwenda Marekani akijiona mfalme, na huko Miami anashindwa jukwaani na Frank Zane, mtu mwepesi kuliko yeye kwa kilo nyingi, lakini aliyechongeka.

Hapo ndipo nilisimamisha picha nikawaita vijana. Kila siku nawaambia: ukubwa si umbo. Wanabishana na mimi, wanapiga kifua na mikono Jumatatu mpaka Jumatatu, miguu kama ya korongo. Nikawaongezea kisa cha huyuhuyu mzee ambacho watu wa vyuma tunakijua wote, kwamba alipoona ndama za miguu yake ni nyembamba alikata suruali zake za mazoezi zote, ili kila anayeingia aione aibu ile na yeye mwenyewe asipate pa kuificha. Kesho yake kijana mmoja akaja na kaptula. Peke yake, lakini alikuja.

Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, alichukua mara saba: mfululizo kuanzia 1970 hadi 1975, kisha akarudi 1980. Yale ya 1975 yalifanyika Pretoria. Mtu mwingine atapita tu, mimi nilikwama kidogo. Mwaka huo hapa Dar ndiyo yalikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na vyama vya wapigania uhuru vilikuwa na ofisi zao mjini. Na huko Pretoria ya makaburu watu wanapakana mafuta na kupiga pozi. Michezo na siasa si mambo ya kukutana uzeeni tu.

Kitu kimoja kwenye upande huu kilinikera. Dawa za kutunisha misuli. Mwenyewe alishakiri zamani kwamba alizitumia, enzi ambazo hazikuwa zimepigwa marufuku, na siku hizi anawaonya vijana waziepuke. Sawa. Lakini mimi nina watoto wa miaka kumi na tisa wanaoniuliza sindano zinapatikana wapi, na wanaponiuliza wananyoosha kidole kwenye picha ile ya ukutani. Nilitaka suala hili lipewe muda wa kutosha, daktari akae, aeleze ini na moyo kwa lugha ya kueleweka. Mzee amepasuliwa moyo zaidi ya mara moja, 1997 na tena 2018, tatizo la vali alilozaliwa nalo. Nusu saa ya hayo ingenisaidia kuliko kumtazama akivuta sigara kwenye beseni la maji ya moto.

Tofali sikutegemea kama zingenifurahisha. Yeye na swahiba wake Franco Columbu, Mtaliano mfupi mwenye nguvu za ajabu, walikuwa mafundi ujenzi kule California. Kisa chao kinajulikana: wanafika kwa mteja, wanapima kwa futi ya sentimita ambayo mteja haielewi, wanagombana kwa Kijerumani, kisha Arnold anamgeukia mteja na kumwambia kwa shida sana amemshusha mwenzake bei. Nani hapa hajafanyiwa hivyo na fundi bomba? Hela za vyuma na za tofali akanunulia jengo la kupangisha Santa Monica, na utajiri wake wa kwanza ulitoka kwenye kodi za wapangaji kabla ya sinema. Hilo nalo niliwasimulia vijana, ila hawakulipenda kama la suruali.

Sehemu ya pili ni tamu, inakwenda kama chai na kitumbua. Sylvester Stallone anakaa na kukubali kwa mdomo wake kwamba walichukiana, na kwamba mwenzake alikuwa amemzidi. Kwenye ile komedi ya mapacha ya 1988 na Danny DeVito, yeye, DeVito na mwongozaji Ivan Reitman walikataa mshahara wakachukua fungu la mapato. Studio ikaona imepata mteremko, filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 200, na wao wakala mpaka wakasaza. Punda wake mdogo anaingia mpaka ndani ya nyumba, anaitwa Lulu. Lulu! Kwetu hilo jina la mabinti, mzee kampa punda na anambembeleza kwa biskuti.

Na kama hukuwahi kugundua: filamu ya 1987 ya kule msituni, adui asiyeonekana, ilikuwa na magavana wawili. Yumo yeye, aliyekuja kuwa gavana wa California, na yumo Jesse Ventura, aliyetoka mieleka akaingia sinema, akawa gavana wa Minnesota kuanzia 1999 hadi 2003. Ventura anamaliza, Arnold anaanza. Sisi kibandani tulikuwa tunawaona wanaume wenye bunduki tu, kumbe tunatazama kampeni.

Sehemu ya tatu sasa. Hapa mkono ulilegea.

Mambo yenyewe ni makubwa. Mwaka 2003 wananchi wa California wanataka kumng'oa gavana wao, Gray Davis, katikati ya muhula. Tarehe 6 Agosti Arnold anatangaza kwenye kipindi cha Jay Leno kwamba anagombea, tarehe 7 Oktoba ameshashinda, dhidi ya wagombea zaidi ya mia. Miezi miwili! Hapa kwetu Sugu na Profesa Jay walitoka kwenye muziki wakawa wabunge, na Kenya yupo Wesley Korir aliyeshinda mbio za Boston 2012 na mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany, kwa hiyo jambo lenyewe halitushangazi. Nilichotaka kuona ni siku ya pili, siku ambayo mtu wa kunyanyua vitu peke yake anakuta mzigo unaohitaji watu mia waushike pamoja. Na siku hiyo ipo: Novemba 2005 aliwapelekea wananchi mapendekezo manne kwa mpigo, wakayatupa yote manne. Akaomba radhi, akabadilisha watu, akaanza kukaa na wapinzani, na 2006 ikatoka sheria ya kupunguza hewa chafu irudi ilivyokuwa 1990. Mwaka huohuo akachaguliwa tena. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo ingekuwa filamu nzima. Humu inapita kama tangazo.

Kuna kisa kingine ningekipa robo saa peke yake. Desemba 2005 alikataa kumsamehe Stanley Tookie Williams, mfungwa aliyehukumiwa kifo, naye akauawa kwa sindano ya sumu. Kwao Graz, ambako uwanja wa mpira ulikuwa na jina lake, watu wakaja juu. Yeye akawaandikia wasilitumie tena jina lake, na pete ya heshima waliyompa akawarudishia. Mtu kukosana na nyumbani kwao si jambo dogo.

Kuhusu wanawake waliomlalamikia kwamba aliwashika bila ridhaa, anasema wazi kwamba ilikuwa makosa na hakuna kisingizio. Kuhusu mtoto aliyezaa na mfanyakazi wa nyumbani, anasimulia siku aliyoulizwa mbele ya mshauri wa ndoa, na jinsi alivyohisi moyo umesimama. Nampa haki yake, hakukimbia. Lakini Maria Shriver, mke wake wa miaka hiyo yote, haketi kwenye kile kiti hata mara moja, na huenda ni uamuzi wake mwenyewe, naye ana haki. Matokeo yake mwenye duka ndiye anayepima, ndiye anayeshika mizani, ndiye anayekuambia kilo imetimia. Kwenye sehemu ya kwanza mizani ilikuwa mashindano: majaji wapo, picha zipo, Zane kashinda. Kwenye siasa na ndoa mizani ni mdomo wake.

Kwa makopo yangu: sehemu ya kwanza makopo matano juu ya matano, ya pili manne, ya tatu mawili na nusu, na hiyo nusu ni kwa ajili ya Novemba 2005.

Picha ni safi hata kwenye simu, na ukiishusha usiku bando la usiku linatosha. Kiingereza chake si kigumu, ila wasioelewa watahitaji mtu. Jumamosi tuliionyesha uwani kwenye televisheni ya dada, mpwa wangu akawa mtafsiri. Alianza vizuri, baadaye akaanza kuongeza chumvi, Arnold akisema sentensi moja yeye anatoa tatu. Palipofika pa Meinhard akanyamaza. "Anasema nini?" vijana wakauliza. "Anamzungumzia kaka yake," akajibu, na hakuongeza kitu.

Ya tatu tuliianza saa mbili usiku. Mzee anaapishwa ugavana, uwani wamebaki vijana watatu, na mmoja wao alikuwa anachaji simu.