Wamebandua karatasi za nyuma: uzoefu wangu na duka la fremu

"Mama, kwani hizo karatasi zilikuwa na kazi gani?"

Ndivyo alivyoniuliza kijana wa kaunta, simu mkononi, macho hakuinua. Bado nina hasira, na najua mwenye hasira hapimi sawasawa, lakini nikingoja zipoe sitaandika kabisa, na kesho mwingine atapeleka vitu vyake pale. Duka silitaji jina. Ni la fremu, hapa hapa Dar es Salaam, na mimi mwenyewe nimeshawapelekea watu wengi wenye vyeti na picha za harusi. Hilo nalo linaniuma.

Nilipeleka beji 14. Si za chama, kama alivyodhani ("Za CCM hizi, mama?"). Ni beji za Marekani, za mviringo, zenye pini nyuma, zile ambazo wafanyabiashara na wagombea wa siasa walianza kuzigawa bure miaka ya 1890. Nilizikusanya nilipokuwa nikiishi Newark, New Jersey, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha ndiye aliyenitia mapenzi haya. Utotoni mwake, vita vilipokwisha, alikuwa akila nafaka ya asubuhi iitwayo Pep, ya Kellogg's, kwa sababu ya beji iliyofichwa ndani ya boksi. Zilitolewa kati ya 1945 na 1947, zikiwa na sura za katuni za magazetini. Yalikuwa makundi 5 ya beji 18 kila moja, na Superman alirudiwa katika kila kundi. Ndiyo maana ukihesabu sura zote unapata 86, hupati 90. Mzee alinipa zake 5 alizobakiwa nazo. Na kila nilipomletea beji niliyookota mnadani, kabla hata hajavaa miwani, alikuwa akisema neno moja: "Geuza."

Geuza. Hilo ndilo nililomweleza kijana wa kaunta siku ile ya kwanza. Nilimwambia, mwanangu, nyuma ya hizi kuna karatasi na pini, visiguswe. Nataka fremu yenye kina, beji zikae juu ya mahameli, na mgongo wa fremu ufunguke niweze kuzitoa. Aliitikia "sawa mama, sawa mama" mara nyingi, na kwenye risiti akaandika: beji 14, mninga, mahameli ya bluu. Basi. Kuhusu karatasi hakuandika kitu, na mimi sikumlazimisha aandike. Nilimwamini kwa vile nilivyozoea kuwaamini wale.

Nilipokwenda kuchukua, wiki tatu baadaye au zaidi kidogo, fremu yenyewe ilikuwa nzuri mno. Siwezi kuwadhulumu katika hilo. Mninga umepigwa msasa ukawa laini kama mkono wa mtoto, pembe zimekutana bila ufa, mahameli hayana hata mkunjo. Nilifurahi, nikasema Alhamdulillahi. Kisha nikaona zimelala bapa. Beji ya seluloidi (plastiki ya zamani) yenye pini nyuma hailali bapa hata ufanyeje, waya unaisukuma. Nikamwomba afungue mgongo.

Walikuwa wameng'oa waya kwa koleo. Wamezitoa karatasi zote 8. Kisha wamejaza matumbo ya beji kwa gundi ile ya kuyeyusha kwa moto na kuzibandika.

Naomba nilijibu lile swali la kijana, kwa sababu pale dukani sauti ilinikauka sikuweza.

Beji hizi hazikuanza hivihivi. Marekani mtu kuvaa kiongozi wake kifuani ni jambo la zamani. 1789, George Washington alipoapishwa, watu walishona kwenye makoti yao vifungo vya shaba vyenye herufi za jina lake, GW, na 1860 walivaa picha ndogo ya Lincoln iliyopigwa juu ya bati jembamba. Lakini hizo zilikuwa kazi ya mmoja mmoja. Kilicholeta beji ya kumwaga kwa maelfu ni seluloidi, na kisa chake kinatugusa hata sisi wa pwani. Mmarekani mmoja, John Wesley Hyatt, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea mipira ya biliadi badala ya pembe za ndovu. Nyingi ya pembe zilizofika viwanda vya Connecticut, zikakatwa kuwa vitana na vibao vya piano, zilipakiwa Zanzibar. Hyatt akachanganya pamba iliyotiwa asidi ya naitriki na kafuri, akapata kitu kigumu, kinachong'aa, kinachoweza kukunjwa kikiwa moto na kulainishwa kiwe chembamba kama karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 kiwanda chake kilihamia Newark.

Na Newark ndiko walikoibukia Benjamin Whitehead na Chester Hoag, kampuni ya Whitehead & Hoag. Kulikuwa na mwanamke wa Boston, Amanda Lougee, aliyepata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1893 ya kifungo kilichofunikwa kitambaa na seluloidi juu yake. Wao wakainunua haki hiyo, na tarehe 21 Julai 1896 wakapata hataza ya beji kama tunavyoijua: picha ya karatasi, juu yake seluloidi angavu, vyote vimekunjwa kuzunguka kisahani cha chuma, nyuma pete ya kuvibana, na ndani ya pete waya wa pini unaojishika wenyewe kwa nguvu ya mkunjo wake. Hakuna msumari, hakuna kulehemu. Ule waya uliong'olewa kwa koleo ndio ugunduzi wenyewe! Huo ndio uliofanya beji iwe rahisi hata ikagawiwa bure.

Mwaka huo huo ulikuwa wa uchaguzi wa rais, McKinley dhidi ya Bryan, ugomvi wa kama sarafu ya nchi itegemee dhahabu peke yake au na madini ya fedha pia, na Marekani nzima ikajaa beji. Upande wa McKinley walivaa hata kidudu cha dhahabu kifuani. Wa Bryan walivaa "16 to 1", yaani wakia 16 za fedha kwa wakia 1 ya dhahabu. Nilikuwa na moja ya Bryan. Bado ninayo, nadhani niseme hivyo.

Sasa karatasi. Ndani ya pete ile, nyuma, mtengenezaji aliweka kikaratasi cha duara chenye jina lake, mji wake, na tarehe za hataza zake. Kikaratasi hicho ndicho kinachokuambia beji ni ya Newark au ya kwingine, ya mwanzo au ya baadaye, maana maandishi yalibadilika miaka ilivyokwenda. Halafu kuna beji za matangazo, na hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Watu wa tumbaku na wa bazoka walifanya ujanja: mbele waliweka bendera ya nchi, au msanii wa kike wa jukwaani, au msemo wa kuchekesha, kitu ambacho mtu atakivaa kwa hiari yake, na tangazo lote wakaliweka nyuma. Sigara za Sweet Caporal walifanya hivyo. American Pepsin Gum walifanya hivyo. Sigara za High Admiral zilimtumia yule mtoto wa kanzu ya njano, Yellow Kid, katuni ya magazetini iliyochorwa na Outcault. Ukiitoa karatasi ya nyuma, beji ya bazoka inabaki bendera tu. Haisemi ilitoka kwa nani, iligawiwa kwa nini, nani aliilipia.

Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa nayo, mwanangu.

Na kuna kazi nyingine. Mwaka 1972 kampuni ya mafuta ya American Oil iligawa nakala za beji za zamani za siasa, nzuri kabisa, na watu wengi wakauziwa kama za kweli. Mwaka 1973 Marekani ikatunga sheria kwamba nakala ya kitu cha siasa lazima iandikwe mwaka iliotengenezwa. Zile za American Oil zimechapwa moja kwa moja juu ya bati, hazina seluloidi wala karatasi, na ukingoni zimeandikwa A-O-1972. Ninayo moja, nilinunua kwa kujua, ili nijifunzie. Katika fremu ile ya mninga, nakala ya 1972 na beji ya 1896 sasa zinafanana: zote zimejaa gundi nyuma, na ukingo umezama kwenye mahameli. Hata zile 5 za mzee, ambazo mgongoni zimechapwa jina la Kellogg's na Pep, sasa mgongo wake hauonekani.

Tena gundi ya moto! Juu ya seluloidi! Kitu chenye pamba ya asidi na kafuri ndani yake, kinachoshika moto kuliko karatasi. Wangeweza kuunguza kibanda chao chote. Na zaidi ya hapo mtu alizifuta kwa kitambaa kibichi ili zing'ae, maji yakaingia pembeni chini ya seluloidi, na Bryan sasa ana doa la kahawia kuanzia sikioni hadi kwenye kola. Doa hilo halitoki. Liko chini, juu ya picha yenyewe.

Nilimwambia kijana haya, kwa ufupi na kwa sauti isiyo yangu. Akajibu, "Lakini mama, mbele hazijaguswa." Nikamwambia nataka kuonana na mwenye duka. Akasema bosi hayupo, na kwamba fremu ikishalipiwa nusu haiwezi kurudishwa, na kama nataka karatasi anaweza kunitolea kopi mtandaoni.

Kopi mtandaoni. Hapo nikafungua simu nikaandika: nyota moja.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, nimeshindwa hata kuita bodaboda, ndipo akatoka fundi, mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akanipa bahasha ya kaki. "Mama, nisamehe. Niliambiwa nizilaze zikae sawa, sikuambiwa zaidi. Lakini hivi vilikuwa na maandishi, sikuona vyema kuvifagia." Ndani kulikuwa na vikaratasi vya duara. Mtu ambaye hakuambiwa kitu, na Kiingereza hasomi, ndiye aliyejua kwamba kilichoandikwa hakitupwi. Nilimshika mkono, nikalia kidogo. Nikafuta ile nyota moja, nikaandika tatu, kwa ajili yake na kwa ajili ya mninga wake. Nikaandika kwamba duka ni zuri, ila wapokee maelekezo kwa maandishi.

Nilifika nyumbani nikavipanga mezani chini ya taa. Vilikuwa 5. Vilitakiwa kuwa 8. Cha mtoto wa kanzu ya njano hakipo, na hicho ndicho nilichokihangaikia zaidi kukipata, mnada wa uani kwa mtu, mvua inanyesha. Vitano vilivyobaki, viwili ni vya bazoka na vitatu ni vya Whitehead & Hoag, na hivyo vitatu siwezi kusema kipi kilitoka kwenye beji ipi. Nimekaa navyo mpaka usiku wa manane. Karatasi ikishatoka ndani ya pete yake haithibitishi tena kitu. Mtu yeyote anaweza kuchukua karatasi ya kweli akaichomeka nyuma ya beji ya uongo, na mnunuzi mwenye akili atanidhania hivyo hivyo. Kumbe hata msaada wa fundi, Mungu ambariki, ulikuwa wa kuokota vipande.

Nyota tatu nimeziondoa. Sasa ni moja, na nikiweza kuweka chini ya hapo ningeweka. Halafu namkumbuka yule mzee wa vumbi kwenye kope, naona kama nampiga yeye. Nyie mnaosoma, mkienda pale kwa picha ya harusi au cheti cha mtoto, ombeni fundi mwenyewe atoke nyuma aje asikie kwa masikio yake, na msiache kitu mpaka kiandikwe kwenye risiti.

Jumatatu narudi. Nimempigia fundi, amekubali kunitolea zile 5 za mzee moja moja, kwa kisu chembamba, bila moto na bila maji, nikiwa nimekaa pale pale. Hizo ni bati tupu, huenda gundi ikabanduka. Beji ya Bryan nimemwambia asiiguse.