Barua ya Ijumaa ya Gredi ya Tatu: uzoefu wangu baada ya muhula mzima

Nimekuwa mzazi wa shule ya msingi hapa Nairobi kwa muda wa kutosha kuonja karibu kila njia ambayo walimu hutumia kutujulisha yanayoendelea darasani. Kuna dayari, ile ya kutia sahihi kila jioni. Kuna kundi la WhatsApp. Shule moja tuliyopitia ilikuwa na programu ya simu iliyolipiwa kila muhula pamoja na karo, yenye vikaragosi na alama za tabia. Muhula huu mwanangu ameangukia kwa mwalimu wa Gredi ya Tatu anayetuandikia barua, ukurasa mmoja kila Ijumaa, na hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile programu ningeipa mbili, moja ikiwa ya rangi nzuri.

Barua imepigwa chapa kwa Kiswahili chepesi, hubandikwa kwenye dayari, na picha yake hutumwa kundini. Ina sehemu nne: tuliyojifunza, tutakayojifunza, vitu vya kuleta na swali la kumuuliza mtoto. Kilichonivutia ni kwamba haijazi ukurasa kwa maneno ya "tuliendelea vizuri na Hisabati". Wiki ya vipimo ilisema hivi: "Tumepima ujazo kwa lita. Wengi wanajua kupima. Kukadiria kabla ya kupima bado kunawasumbua." Basi. Nikisoma hapo najua nianzie wapi, hata kama nimechoka.

Sehemu ya swali ndiyo tamu kuliko zote. Kila mzazi anajua jibu la "leo mmesoma nini?" Ni "hakuna", au "nimesahau", na mtoto ameshakimbilia katuni. Mwalimu wetu hutupa swali ambalo halikwepeki. Wiki hiyo ya lita lilikuwa: chupa ngapi za nusu lita zitajaza mtungi wa lita tano? Mtoto alisema kumi bila kufikiri, kisha akataka tuhakikishe. Sisi tuko mtaa wa Umoja, maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo tulichota kwenye pipa na kurudisha humo humo chini ya ulinzi mkali. Mtungi ulikuwa wa mafuta ya kupikia, umeshaisha. Chupa ya kumi ikaingia na bado palibaki nafasi shingoni. Akatangaza kwamba mwalimu amekosea! Jumatatu alikwenda na hoja yake shuleni, na Ijumaa iliyofuata barua ikawa na mstari mmoja kwa wazazi wote: mtungi wa lita tano huachiwa nafasi juu, kwa hiyo msiujaze mpaka mdomoni. Kumbe si sisi peke yetu tuliokuwa tukimwaga maji sakafuni.

Sasa nieleze kwa nini karatasi imeishinda simu nyumbani kwangu. Anayekaa na mtoto jioni ni dada wa nyumbani. Mimi nauza soko la Gikomba. Nafunga saa kumi na mbili, na barabara ikikubali nafika saa moja na nusu, mtoto akiwa ameshaoga na anasinzia. Kundi la WhatsApp liko kwenye simu yangu, na simu yangu iko Gikomba. Dada ana kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp. Miaka yote hiyo taarifa za kazi ya nyumbani zilikuwa zikinifikia mimi nisiyeweza kuzifanyia kitu, huku aliye na mtoto na penseli mkononi hajui lolote. Barua iko ndani ya mkoba. Dada anaisoma, wanafanya, mimi nakuta imekamilika. Sijaona programu yoyote iliyofikiria kwamba mzazi na mlezi wa jioni wanaweza kuwa watu wawili wenye simu tofauti.

Kundi lenyewe, nisilionee, lina kazi yake. Basi likichelewa kwenye ziara, hapo ndipo pa kujua. Lakini kundi la wazazi mnalijua: sala saa kumi na moja alfajiri, mtu anauza mayai ya kienyeji, mwingine anauliza kwa mara ya tatu kama kesho ni sare ya michezo, na tangazo la mwalimu limezama chini ya "amina" thelathini. Tangu 2018 WhatsApp inaruhusu msimamizi kufunga kundi ili wasimamizi pekee waandike. Darasa letu limefanya hivyo na mayai yamehamia kundi jingine, ambalo sikujiunga nalo.

Jambo la picha pia limeshughulikiwa vizuri. Mwanzo wa muhula tulipewa fomu ya idhini: picha ya mtoto iwekwe ukutani darasani, itumwe kundini, au isitumwe kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja hapa Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila ruhusa ya wazazi. Mimi nilikubali ukutani na kundini. Jirani yangu alikataa yote na mtoto wake hajatengwa kwa lolote.

Vitu vya kuleta. Mzazi yeyote wa mtaala huu wa umilisi amewahi kuambiwa saa mbili usiku kwamba kesho asubuhi inatakiwa manila, gundi na boksi la kiatu, halafu azunguke mtaani akitafuta duka ambalo halijafungwa. Barua hutaja vitu vya wiki mbili mbele. Tena huandika "au chochote kinachofanana ulicho nacho", maneno machache ambayo yameniokolea pesa, maana maboksi Gikomba hayakosekani.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu mbili. Ya kwanza, barua ni ya darasa zima. Haikwambii wako yuko wapi. Ripoti ya mwisho wa muhula ilipoandika kwamba anakaribia matarajio katika kusoma Kiingereza, yaani bado hajayafikia, nilielewa kwa jumla darasa limepita wapi, lakini kwamba wangu alikuwa ameachwa nyuma kidogo sikuwa nimeambiwa. Nilipomuuliza mwalimu alinijibu kwa upole, "Mama, wanafunzi ni wengi, lakini ukiniandikia swali kwenye dayari nitalijibu." Na kweli, nimeandika na amejibu. Ila mzazi asiyejua kwamba mlango huo uko wazi atangoja ripoti tu. Mstari mmoja chini ya barua wa kuwaalika wazazi waandike ungetosha.

Ya pili ni siku. Ijumaa jioni ni mbaya kwa mfanyabiashara. Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja, na Jumapili kuna kanisa. Swali la vitendo likihitaji muda wangu mimi, linasukumwa hadi Jumapili usiku. Nimependekeza Alhamisi. Mwalimu anasema Alhamisi wiki haijaisha, hawezi kuandika ambacho hakijafundishwa, na hapo siwezi kumlaumu.

Kwa wanaotaka kuiomba shuleni kwao: gharama ni ya kudurufu tu, na saiba za mtaani kwetu hutoza shilingi chache kwa ukurasa. Barua ya nusu ukurasa inatosha, kwa hiyo karatasi moja inakatwa mara mbili. Mwombeni mwalimu aanze na sehemu mbili, vitu vya kuleta na swali. Hizo ndizo hazimchukui muda mrefu kuandika.