Stemu fupi au ndefu kwenye nyonga bandia?

Kama daktari kashakwambia nyonga ibadilishwe, muulize na habari ya stemu, kile chuma kinachopigiliwa ndani ya mfupa wa paja, maana ziko fupi na ndefu, na hizi ninazosemea hazina saruji (ule uji maalum unaoganda na kukishika chuma ndani ya mfupa), mfupa wenyewe ndo unaota taratibu na kuushika ule uso wake wa kukwaruza. Ndefu ina historia, kwa mfano aina moja inayoitwa Corail inawekwa tangu 1986, kwa hiyo matokeo ya miaka 20 na zaidi yapo. Fupi inaishia juu juu, haichimbi paja sana, mfupa mwingi unabaki, na kwa mtu wa miaka 45 hilo ni jambo kubwa mno sababu huko mbele anaweza kurudi tena tieta.

Kutembea na maumivu? Hazipishani sana. Ila fupi ni rahisi kukaa upande ikiwekwa na daktari asiyeizoea, hapo uliza kabisa kashaweka ngapi.

Bibi wa miaka 78 mwenye mifupa laini mi nisingempa yoyote kati ya hizi, bora ya saruji, hizi za kupigilia zinaweza kumpasua paja.