Samaki wa maji ya chumvichumvi kwa anayeishi Tanga: nunua yupi, mwache yupi

Mtu wa Tanga anayetaka kufuga samaki wa maji ya chumvichumvi, yaani wale wa midomo ya mito na mikokoni, ana bahati ambayo mwenzake wa Dodoma hana. Yule wa bara atanunua chumvi maalumu ya akwariamu, yaani tangi la kioo la kufugia samaki, kwa kilo. Wewe unahitaji dumu safi na kujua saa ya maji kujaa. Hivyo hela yako iende kwenye tangi na kwenye samaki wanaofaa, hasa samaki. Wengi wanaouzwa wakiwa na ukubwa wa kidole gumba hawatabaki hivyo.

Tuanze na tangi. Fundi vioo yeyote mzuri mjini anaweza kukutengenezea la lita 100. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Likiisha kukauka, lijaze maji nje siku mbili tatu uone kama linavuja. Lita 100 za maji ni kilo 100, bado kioo na mchanga, kwa hiyo meza ya plastiki haifai, na stendi ya chuma isiyopakwa rangi italiwa na kutu upesi. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha. Kama mtaani kwenu umeme hukatika mara kwa mara, nunua pampu yenye betri kabla ya kununua taa. Hita usinunue, joto la pwani linatosha.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Changanya dumu moja la bahari na madumu matatu ya bomba, upate karibu gramu 9 kwa lita, kiwango kizuri kwa samaki wengi wa hapa chini. Chota maji yakijaa, mbali na bandari, mifereji na mdomo wa mto. Wakati wa masika bahari ikichafuka kwa tope, subiri. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima ili klorini itoke. Chumvi ya mezani haifai kuchukua nafasi ya bahari, kwani haina kalisi wala magnesi ya kutosha. Na hili lishike sana: maji yakipungua kwa joto, ongeza ya bomba peke yake. Kinachopaa ni maji. Chumvi yote imebaki ndani.

Sasa samaki, kuanzia ninayempendekeza zaidi.

Wa kwanza ni moli, na sioni mshindani. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ambako huishi mitoni hadi kwenye vidimbwi vya pwani. Madukani huwekwa kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na ndiyo maana utawaona baadhi wakitikisika pale pale bila kwenda mbele, mapezi yameshikana. Hao usiwachukue. Chagua mweusi au wa madoa mwenye mwili wa kawaida. Yule wa kitumbo cha duara amezalishwa kwa kufupishwa uti wa mgongo, viungo vya ndani vikabanwa. Kumnunua ni kulipia mateso yake. Chukua dume mmoja kwa majike watatu. Dume utamtambua kwa pezi la chini lililochongoka kama kijiti. La jike limetanuka. Hula majani, kwa hiyo mchicha uliochemshwa kidogo unamfaa sana.

Jike la moli huzaa kila mwezi hivi, na huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo hata ukinunua majike watupu tegemea vifaranga. Waliozidi mpe mwenye tangi au muuzaji. Usiwamwage Zigi wala Pangani. Mito hiyo ina samaki wake wa asili, akiwemo perege wa Korogwe, na mgeni anayezaliana hivi ni balaa kwao.

Gapi anafuata. Ni mdogo, lita 40 zinamtosha, na viluwiluwi vya mbu huvila kwa pupa. Wenye mikia mirefu sana huwa dhaifu. Wale wa kawaida ni wagumu zaidi. Dumu moja la bahari kwa matano ya bomba linamtosha.

Wa tatu ni gobi wa milia ya njano na nyeusi, wa Asia ya Kusini-Mashariki, sentimita tatu au nne tu. Kwa uzuri ningemweka juu, lakini chakula kikavu hukikataa mara nyingi, anataka kilicho hai. Na usimchanganye na moli, atanyang'anywa kila tonge.

Bunju mdogo wa madoa kama macho, anayetoka pia Asia ya Kusini-Mashariki, namweka wa nne. Ana akili na humfuata mwenye nyumba kando ya kioo. Lakini hung'ata mapezi ya wenzake, na meno yake hayaachi kukua, lazima ale konokono yapate kusagika. Mfuge peke yake.

Wengine waache. Mwatiko na mkizi wachanga wanaochotwa kwenye vidimbwi vya mikokoni ni wa bure, ila mwatiko hupita mita moja na mkizi huruka nje ya tangi. Wale samaki wa matopeni wanaotembea kwa mapezi wanahitaji nusu ya tangi iwe nchi kavu yenye unyevu, na hupigania eneo.

Ukifika dukani, omba muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekimbilia chakula mwache, hata akipunguzwa bei. Ukimfikisha nyumbani, muanze kwenye maji baridi kama aliyotoka nayo, kisha ongeza chumvi kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili. Anza na samaki wawili watatu tu: bakteria wa kwenye sponji wanaosafisha amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na tangi jipya lililojazwa siku moja huua.