Kasisi au Druidi: Nani Amtumikie Silvanus?

Barazani petu hapa Mkomani, Lamu, ubishi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, hauishi: ukimchagua Silvanus, mungu wa nyika mwenye alama ya jani la mwaloni, uwe kasisi wake au druidi, yaani mganga wa maumbile? Nazungumzia kanuni za 2014.

Kwa gharama, druidi ni nafuu. Havai deraya ya chuma, ngozi yamtosha. Kasisi wa Asili, yaani aliyechagua tawi la maumbile, huruhusiwa hata deraya nzito, ila ile kamili ni sarafu 1,500 za dhahabu za mchezoni, na kunyata ndani yake ni kujitangaza.

Kwa kutegemeka, kasisi. Akifika daraja la 5 humfufua mwenzenu, mradi haijapita dakika moja na mna almasi za thamani ya dhahabu 300. Druidi husubiri hadi la 9, na hapo marehemu hurudi na mwili mwingine kabisa, aghalabu ukiamuliwa na dado. Shujaa anakufa jitu la miraba minne, anaamka kibeti! Wengine huona ndiyo raha yenyewe.

Lakini druidi hugeuka mnyama tangu daraja la 2. Ila mnyama wa kuogelea husubiriwa hadi la 4, wa kuruka hadi la 8. Sisi watu wa kisiwani kungoja huko kwatukera. Tena kila mnyama ana takwimu zake, uziandike kabla ya mchezo, si wenzio wakungoje ukipekua.

Kundi lisilo na tabibu, au mgeni wa mchezo, achukue kasisi. Mkiwa na tabibu tayari, na unapenda upelelezi, geuka paka.