Kabalagala au biskuti za boksi? Zawadi ya Krismasi kwa asiyekula ngano

Kwa mfanyakazi mwenzako mwenye siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni (protini iliyomo kwenye ngano), vitamu vya sokoni Kampala vinazipita biskuti nyingi za supamaketi, ila uulize kwanza.

Kabalagala ndiyo bora: ndizi tamu ndogo zilizoiva sana, zikapondwa na kukandwa na unga wa muhogo. Ikiwa laini na yenye kunata kidogo, ni nzuri. Ikiwa imeumuka kama mandazi, huenda imetiwa ngano. Wauzaji wengine huichanganya ili donge lisikatike. Tatizo kubwa zaidi ni mafuta. Karai lililokaanga sambusa au chapati huacha chembe za ngano, na kabalagala huzinyonya. Nunua kwa anayekaanga kabalagala pekee, siku ileile. Kesho yake hukauka.

Vidonge vya simsim (ufuta) na sukari havikaangwi, na hukaa wiki nzima kwenye kopo lililofungwa. Muulize mwenzako kama simsim au karanga humdhuru.

Deidizi, vile vipande vidogo vikavu vya kukaanga, ni ngano tupu, ziache. Biskuti za boksi ni ghali na nyingi hubomoka. Ukizichukua, tafuta maandishi ya kutokuwa na gluteni, yaani isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.